Jina la Baba Mkwe Halipandi Mwambani

Adelaïde alipoolewa, wakwe zake walimwona na kasoro moja tu, nayo ilisikika. Kazi aliijua, heshima aliijua, maharagi yake yaliiva bila kuungua. Lakini alipoita kuku, walikuja hata kuku wa majirani. Alipomwita shemeji yake aje kula, watu wa kilima cha pili walinawa mikono.

"Tulitoa ng'ombe juu ya mwanamuke," alisema baba mkwe wake, mzee Akilimali. "Hatukutoa juu ya kengele."

Mzee alikuwa anamwonea. Katika vilima vile, pale Masisi inapoishia na Walikale kuanza, kila mwanamke anajua kuita. Msichana hukua na bonde kati yake na mama yake: mama yuko shambani kilima hiki, msichana yuko jikoni kilima kile, mdogo wake mgongoni, chungu kinachemka, na lazima mtu aulize chumvi iko wapi. Kwa hiyo wanajifunza. Unaupa upepo mgongo, unaweka kiganja shavuni, unatanguliza jina na kuivuta silabi yake ya mwisho mpaka jina lifike. Kisha unanyamaza. Mwenye jina akiitika, ndipo unampa maneno, moja moja, kama mtu anayetia mbegu kwenye mashimo. Wanaume wa huko nao wana sauti, ila wao hupiga kelele, na kelele haijawahi kumwambia mtu chumvi iko wapi.

Adelaïde alikuwa na ustadi huohuo wa mama zake wote. Kwake ulizidi kidogo tu.

Alipomzaa binti yake wa kwanza akawa Mama Elodie, na Adelaïde likabaki kwenye kadi ya kupigia kura. Baada ya mtoto wa nne, mume wake Magloire alikwenda Rubaya kuchimba koltani, akaahidi kurudi na mabati. Kabla ya kuondoka aliihamisha familia kutoka kilima cha baba yake, akaijengea nyumba ya udongo upande wa pili wa bonde, juu ya kijiji cha Kashebere, karibu na barabara, ili mabati yatakaposhushwa kwenye lori yasipate safari ndefu. Mabati yalichelewa. Magloire mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Kila aliyepita kutoka Rubaya alileta salamu zake, ndefu, nzuri, zenye kuwataja watoto wote kwa majina. Shida ya salamu ni kwamba hazikaangiki.

Nyuma ya ile nyumba palikuwa na mwamba uliotokeza kama kiti. Ukisimama juu yake unauona ng'ambo ya mto mlima mzima wa ukoo wa Akilimali: maharagi, mihogo, migomba, nyumba za wazee, mpaka rangi ya kitenge cha anayechuma sombe, majani ya mihogo. Kwa macho ni karibu. Kwa miguu unateremka kwenye matope, unavuka mto juu ya gogo, unapanda tena, na asubuhi imekwisha. Simu ingesaidia. Palikuwa hata na antene kwenye mgongo wa kilima, lakini batri zake ziliibwa, paneli zikazifuata, na tangu hapo simu za Kashebere zilikuwa tochi zenye bei kubwa.

Hasara ya hali hiyo ilimuumiza zaidi Mama Brigitte, mwenye depo ya maharagi pale barabarani, mwanamke mnene, mwenye maneno machache na mizani isiyobishaniwa. Lori likifika, yeye humtuma mtu ng'ambo kuwaambia wakulima waje, na kabla mtu hajafika, dereva ameshaanza kuitazama mvua na kuwasha injini. Siku moja alikuwa mlangoni kwake akilitazama lori likiondoka nusu tupu, aliposikia juu kule mwanamke akiwaita watoto wake watoke mtoni. Watoto walitoka. Mama Brigitte akapanda mlima, jambo alilokuwa hajalifanya kwa ajili ya mtu.

"We mama, ile sauti unaifanyaka nini?"

"Ninaita batoto."

"Na batoto banakulipa?"

"Banakuya kula."

"Donc unatumika kazi ya hasara," alisema Mama Brigitte, akimwonyesha pa kukaa. "Ikala, tuzungumuze."

Ndivyo ilivyoanza. Lori likifika, Mama Brigitte anampelekea Mama Elodie majina ya wale ambao nafasi zao zimo ndani ya lori, Mama Elodie anapanda mwambani na kuita. Kuitwa maana yake nafasi yako ipo. Asiyeitwa akiteremka na gunia, anapanda nalo tena. Malipo yalianza kwa chumvi na sabuni, yakaendelea kwa franga taslimu.

Kisha wengine nao wakaanza kupanda mwambani. Mwenye mgonjwa aliyetaka ndugu zake waje na machela. Mwenye harusi iliyoahirishwa. Mwenye mkwe mgeni na nyumba isiyo na unga. Mama Elodie aliweka masharti yake. Matusi haiti, hata kwa malipo mazuri. Habari za nani analala wapi haiti. Kifo anakiita bure. Na kila anayeitwa lazima aitike kwa kinywa chake mwenyewe, ndipo aliyelipa ajue kwamba ujumbe umefika. Asipoitika, malipo yanarudi.

Sauti yake ilifika mpaka mlima wa ukoo na kuishia hapo. Zaidi ya hapo ilimhitaji Anne. Anne alikuwa ameolewa na mtoto wa Honoré, mdogo wake Akilimali, na nyumba yake ilikuwa ukingoni, ikitazama bonde hili na lile la nyuma. Alilipokea neno upande huu akalitupa upande ule. Kule nako alikuwepo Mama Céline, naye mke wa ukoo, na mbele yake mwingine, wote mama wa watoto, wote wakiita kama walivyoita tangu utotoni, ila safari hii kulikuwa na sabuni mwisho wake. Watu waliita mpango huo rezo ya bamama, mtandao wa akina mama. Haukuwa na batri ya kuibwa, na haikutokea mtu akaambiwa kwamba inite zake, yaani salio, zimekwisha katikati ya neno.

Mama Elodie akalipa minervali, ada ya shule, ya Elodie na ya wadogo zake, akanunua mbuzi, akaezeka jiko kwa mabati aliyoyanunua mwenyewe. Magloire alituma salamu za pongezi.

Mzee Akilimali aliyavumilia haya kwa uso wa mtu mwenye jino bovu. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya uzio wa shamba la kanisa, na mtu wa kofia. Mke wa mtoto wake alikuwa anasikika mabonde matatu, tena kwa malipo. Lakini kuhusu heshima hakuwa na la kumlaumu. Desturi ya ukweni ilikuwa inafuatwa: mke hataji jina la baba mkwe wake, wala majina ya ndugu za baba mkwe. Akilimali halikuwahi kutoka kinywani mwa Mama Elodie, wala Symphorien, jina lake la ubatizo, ingawa wazee walioweka desturi hiyo hawakuwa wamesikia habari za Symphorien. Alipohitaji kumwita, aliita "Papa Magloire", kama inavyoruhusiwa, na mzee alikuwa anaitika na kuteremsha magunia yake. Yalikuwa mengi.

Ingeendelea hivyo kama si mbuzi.

Sébastien, katekista, alimkuta mbuzi dume wa Akilimali ndani ya shamba la kanisa, katikati ya maharagi machanga, akila kwa utulivu wa mtu aliyealikwa. Alimfukuza, mbuzi akarudi. Katekista akapanda mwambani na bakuli la mayai.

"Mama Elodie, uniitie mwenye huyu mbuzi."

"Papa Sébastien, ni mukwe yangu."

"Najua. Njo maana nimeleta mayai mingi."

Mama Elodie alifikiri kidogo. Si tusi, si habari za nani analala wapi. Akaweka kiganja shavuni.

"Papa Magloireee!"

"Eee!" aliitika mzee toka ng'ambo.

"Mbuzi yako! Iko! Mu maharagi! Ya Munguuu!"

Kicheko kilianza kwa watu waliokuwa wakilima chini karibu na mto, kikapanda. Anne, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea na kutupa, alipokea na kutupa. Mpaka kwenye bonde la tatu watu walijua kwamba mbuzi wa mwenyekiti wa kamati ya uzio yuko ndani ya uzio.

Kikao cha ukoo kiliitwa Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Mama Elodie alivuka bonde, akaketi kwenye mkeka na wake wengine wa ukoo, Anne akiwa kando yake. Wazee walikaa kwenye viti. Akilimali alisema kwa muda mrefu, na maana ya maneno yake ilikuwa moja: ile kazi iishe.

"Mwanamuke ya hapa kwetu hawezi kuwa redio. Leo ni mbuzi. Kesho atasema nini? Atasema nimekula nini?"

"Kaka, hiyo tunajua bila redio," alisema Honoré. Alikuwa mdogo wa wazee wote na ndiye aliyekuwa akicheka katika vikao. "Lakini na mimi niulize. Hii kazi ikiisha, nani atalipa masomo ya batoto ya Magloire? Wewe?"

Akilimali alitazama kofia yake.

"Magloire atalipa," alisema.

"Kwa salamu?"

Kikao kilikohoa. Hakuna mzee aliyetaka kuonekana akiziua ada za wajukuu wanne, na hakuna aliyetaka kuzilipa. Mwishowe wakapata maneno yaliyowatosha wote. Mama Elodie ataendelea kuita. Lakini majina ya baba wakwe yasipande tena mwambani.

"Jina yako sikuwahi kuita, Papa," alisema Mama Elodie toka mkekani, kwa adabu. "Nilikuwa naita Papa Magloire."

"Na hiyo pia isiitwe!" alisema Akilimali. "Papa Magloire ni nani? Si ni mimi? Jina langu, jina ya ubatizo, jina kwa mutoto wangu, papa wa wapi, papa wa kofia, alama yoyote. Mimi na bandugu zangu. Isisikike mu kinywa ya mwanamuke yeyote aliyeolewa hapa. Munasikia bote?"

"Tunasikia," walisema wake.

"Papa, urudilie polepole," alisema Mama Elodie. "Tusikosee."

Akilimali akairudia marufuku yake, kipande kwa kipande, na wazee wakatikisa vichwa kwa kila kipande. Alifurahi kuona anasikilizwa kwa makini namna ile. Anne aliangalia chini na kuuma mtandio wake.

Majuma yaliyofuata mvua ilinyesha kama inayolipwa kwa wingi wa kazi. Barabara ilikatika, malori yakalala njiani huko Masisi, maharagi yakarundikana nyumbani na bungo, wadudu watoboao nafaka, wakaanza kuyaonja. Halafu asubuhi moja yenye jua Fuso likafika Kashebere, limepakwa matope mpaka kwenye vioo. Dereva alisema ataondoka kabla mawingu hayajafunga, na kwamba haahidi kurudi mwezi ule. Mama Brigitte alipanda mlima mwenyewe, akitweta, akayasema majina.

Mama Elodie alisikiliza mpaka mwisho.

"Wale wazee wane, baba mukwe yangu na bandugu zake, siwaiti."

"Sababu?"

"Kikao cha jamaa kilikatala."

"Ao utawaita na jina ingine."

"Ile ingine pia ilikatazwa. Na alama pia."

Mama Brigitte alimtazama. Kisha akatazama ng'ambo, kwenye paa kubwa la Akilimali, ambamo alijua yamelala magunia kuliko nyumba yoyote ya mlima ule.

"Nafasi yao nimpe nani?"

"Bibi za jamaa bako na maharagi. Anne anayo. Mama Céline anayo. Mimi pia niko na mufuko yangu."

"Unajua unachokifanya?"

"Nafanya vile walisema," alisema Mama Elodie, akapanda mwambani.

Aliita asubuhi ile kama hajawahi kuita. Alimwita mjane wa juu kabisa, akawaita vijana waliokodi mashamba, akamwita Anne, na Anne akamwita Mama Céline na wengine wa nyuma. Kila aliyeitwa aliitika, na baada ya kitambo mlima ulikuwa unateremka: wanawake na magunia mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, vijana na magunia kichwani, wakipishana kwenye utelezi, wakitaniana.

Akilimali alikuwa ameketi nje juu ya gunia lake la kwanza, kofia kichwani. Mengine yalikuwa yamepangwa nyuma yake, yameshonwa. Wapagazi wake walikuwa tayari.

"Papa, tushuke," alisema mmoja. "Fuso imefika."

"Nimesikia."

"Watu banaenda."

"Bameitwa. Mimi bado."

Hakuwa mjinga. Alijua anayeteremka bila kuitwa hupanda tena na gunia lake, na mtu wa kofia hawezi kuonekana akipanda na gunia. Kwa hiyo aliketi akisikiliza. Yalipita majina ya watu aliowakodisha ardhi. Lilipita jina la mtu aliyekuwa akimdharau. Kila jina lilipoanza aliinua kichwa, kila lilipoisha akakishusha. Honoré alikuja kusimama kando yake, naye akiwa na magunia mlangoni na hajaitwa.

"Kaka," alisema Honoré, "unakumbuka Jumapili ulisema nini?"

Akilimali alipapasa mshono wa gunia.

"Ulisema vizuri sana," alisema Honoré. "Mpaka ukarudilia."

Mara Honoré akaenda ukingoni, akaweka viganja viwili kinywani na kupiga kelele kuelekea Kashebere kwamba wazee wako, wana maharagi, lori lisubiri. Walikuja mbwa watatu. Ng'ambo mtu mmoja aliinua mkono kumsalimu.

Mawingu yalifunga. Fuso likaondoka limejaa.

Keshoye mzee Akilimali alivuka bonde. Alikuwa hajafika kwenye nyumba ile tangu ijengwe. Mama Elodie alimpa kiti, akapiga goti, akampa maji ya kunawa, akaleta ndizi za kuchoma. Hakuna kilichopungua.

"Fuso ilikuya," alisema mzee.

"Ilikuya, Papa."

"Na mimi haukuniita."

"Sikukuita, Papa."

"Juu ya nini?"

"Nikuite namna gani? Jina, kikao kilikatala. Jina ya ubatizo, kikao kilikatala. Jina kwa mutoto, kikao kilikatala. Alama, kikao kilikatala. Nilitafuta ingine usiku mzima, sikuiona. Kama iko, Papa, unipatie."

Mzee alikula ndizi nusu.

"Anne angeniambia. Ni jirani."

"Anne naye alikuwa kwenye mkeka."

"Mwanamuke mwingine."

"Mwanamuke gani hapo mulimani hakuolewa na jamaa yenu? Babinti yenu mulibaoza mbali, Papa. Mulibaki na sisi tu."

Akilimali alikuwa hajaihesabu hivyo. Ilimchukua muda kuiona, na alipoiona alikasirika, kama mtu anavyokasirika akigundua amejifungia nje ya nyumba yake.

"Sikiliza, bibi ya Magloire. Batoto ni ya jamaa. Hii kichwa nguvu ikiendelea, nitakuya kubakamata bote wane nibapeleke kwangu."

Hilo lilikuwa neno lenyewe, na wote wawili walilijua. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Mzee akiamua, hakuna barza ya usuluhishi itakayomzuia. Mama Elodie aliuweka chini ufagio aliokuwa ameushika. Akakaza fundo la kitenge chake.

"Ubakamate, Papa. Sitakutukana. Elodie anakula sahani mbili na anauliza ya tatu. Wa pili anaogopa giza, mutalala naye. Wa tatu na wa ine bananyanganya kila kitu, uwape kila kitu mbilimbili. Minervali inaombwa mwanzo wa mwezi, viatu vimetoboka. Nitakufungia mizigo yao sasa. Na mimi nitabaki hapa kwenye mwamba. Nitaita maharagi ya watu. Siku nikitaka kusikia batoto yangu, nitabaita kwa majina yao, kila siku, asubui na magaribi, na kila mutu atasikia mama anatafuta batoto yake bako kwa nani. Jina ya mwenye kubakamata sitasema. Imekatazwa."

Akilimali alimaliza ndizi. Aliomba maji mengine ya kunawa. Akaondoka bila mizigo ya mtu.

Siku kadhaa baadaye, jua likizama, Honoré alipenya nyuma ya nyumba akiwa na jogoo ndani ya kikapu kilichofunikwa. Hiyo pia ni desturi: mkwe akitaka kumfungulia mke wa mtoto wake kinywa, humpa kitu, na kuanzia hapo jina lake si mwiko tena. Hufanywa kimya, jikoni, na kwa kawaida hufanywa mke akiwa amezeeka na jina halina tena kazi.

"Kaka ametuma hii," alisema Honoré. "Kinywa yako ifunguke. Lakini polepole, asijue mutu."

Mama Elodie hakuinua kifuniko.

"Rudisha, Papa mudogo."

"Ni jogoo nzuri!"

"Iko nzuri. Lakini kinywa yangu walifunga mchana, mbele ya kila mutu. Kufungua wanafungua jikoni? Alete mwenyewe, mchana, kwenye mwamba. Na si yangu peke. Ya Anne, ya Mama Céline, ya bote bale walikuwa kwenye mkeka."

"Jogoo moja kwa binywa yote hii?"

"Jogoo moja inatosha. Hatutaki kumumaliza."

Honoré alicheka mpaka jogoo akashtuka. Alirudi na kikapu chake. Ng'ambo, Akilimali alisema hawezi, hata bungo wale mpaka mifuko yenyewe. Bungo hawakuwa na haraka. Kila asubuhi unga mwembamba ulimwagika chini ya magunia, na kila asubuhi mzee aliufagia mwenyewe ili wapagazi wasiuone. Wazee wengine wawili, ambao hawakuwa wamesema neno kwenye kikao, walianza kuja kukaa kwake na kutosema neno hapo pia. Halafu habari ikafika kwamba Fuso limevuka Masisi na linakuja.

Akilimali alikuja mchana, Honoré akimfuata. Alivaa koti. Jogoo alikuwa kwapani, bila kikapu, akitazama huku na huku. Mwambani palikuwa na watu, kama kawaida ya siku ya lori: Mama Brigitte, Sébastien katekista, wanawake wawili wenye shida zao. Akilimali alimpa Mama Elodie jogoo kwa mikono miwili.

"Kinywa yako nimeifungua," alisema.

"Aksanti, Papa. Na bale wengine?"

"Wewe utabaambia."

"Neno ni yako, Papa. Ubaambie."

Akilimali alipanda kwenye mwamba. Aligeukia mlima wake, akapiga kelele kwamba wake wote wa ukoo wamefunguliwa vinywa. Upepo ulimrudishia maneno yake usoni. Ng'ambo, Anne alikuwa amesimama ukingoni, mkono kiunoni, haonyeshi dalili ya kusikia chochote. Mzee alipiga tena. Akakohoa. Akashuka.

"Ubaambie wewe," alisema.

Mama Elodie alimkabidhi Sébastien jogoo. Alipanda, akaupa upepo mgongo, kiganja shavuni.

"Anneee!"

"Eee!"

"Ametufungua binywa! Akilimaliii!"

Mtu aliyekuwa akilima karibu na mto alisimamisha jembe.

"Naniii?" aliuliza Anne.

"Akilimaliii!"

"Sikusikia vizuri! Naniii?"

"Akilimali! Symphorieeen!"

Anne alisikia. Aligeuka akalitupa bonde la pili, akalivuta jina mpaka mwisho wake, na kule likapokelewa na Mama Céline, na mbele yake na mwingine, na jina la mzee likapita kilima kwa kilima katika vinywa vya wake wa watoto wake na wa ndugu zake, likizidi kuwa dogo, likielekea kijiji cha mbali cha Kibua. Akilimali alisimama katika koti lake akilisikiliza likienda. Halikuwahi kufika mbali hivyo.

"Bon," alisema hatimaye. "Imekwisha. Uniite na maharagi."

"Nitakuita wa kwanza," alisema Mama Elodie. "Bado tangazo, Papa."

"Tangazo gani? Si nimetoa jogoo?"

"Jogoo ni ya kinywa. Lakini ulipanda hapa na neno, na neno imefika, na Anne ameitika. Hiyo inalipwa."

"Mimi ni baba mukwe yako!"

"Njo vile, Papa. Na mukwe analipa sawa na wengine."

Mzee alimtazama Honoré, aliyekuwa anatazama mawingu. Alimtazama Sébastien, aliyekuwa anamtazama jogoo. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatafuta kwa muda mrefu kuliko mfuko ulivyokuwa na kina, akatoa franga. Mama Elodie alipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama inavyompasa mke wa mtoto.

"Aksanti, Papa Akilimali," alisema. "Sasa sogea kidogo. Kuko mutu nyuma yako."